Relei inayocheza mara moja halafu inanuna

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, saketi yangu ya relei inacheza mara moja tu, halafu inanuna. Nimeshabadilisha transista tatu." Nilisoma nikaweka simu chini. Transista zako hazina kosa, mdogo wangu. Saketi kama hiyo, ya transista inayoendesha relei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili), ilinikosesha mteja, na mpaka leo nikipita mtaa ule roho inaniuma.

Kazi ilikuwa geti la mota. Bodi yake inataka mguso mfupi, kama mtu anayebonyeza kengele na kuachia. Mwenye nyumba alitaka swichi ya ufunguo, na swichi ile ukishaizungusha inabaki imewaka.

Nikachukua transista BC547, yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita; umeme kidogo ukiingia besi, mkubwa unapita kutoka kolekta kwenda emita. Volti 12 za swichi zinaingia kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya mikrofaradi 100, zinapita rezista ya kilo-omu 4.7, zinafika besi. Emita iko hasi. Koili ya relei iko kati ya kolekta na chanya ya kudumu, na dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) imelala sambamba nayo, mstari upande wa chanya. Dayodi nyingine ndogo, 1N4148, nikaiweka kati ya besi na hasi, mstari upande wa besi. Koili ilikuwa ya omu 400, yaani miliampea 30, na BC547 hubeba mpaka 100. Kapasita ikiwa tupu, besi inapata umeme, relei inashika na kuipa bodi ya geti ule mguso. Ikijaa, umeme wa besi unakatika, relei inaachia. Kama sekunde moja hivi.

Mezani ilicheza vizuri siku nzima. Nilikuwa nimeunga taa ndogo ya LED na rezista yake kutoka kwenye swichi kwenda hasi, ili nione umeme ukiingia. Siku ya kufunga nikaitoa, kazi ionekane safi.

Mbele ya mwenye nyumba, geti likafunguka. Akafurahi. Akarudisha ufunguo, akauzungusha tena: kimya. Tena: kimya. Akaniambia, "Fundi, wewe unabahatisha." Watoto wake walikuwa wamesimama barazani wananitazama.

Nilikesha na mita. Saa nane usiku nikapima kapasita, swichi ikiwa imezimwa: zaidi ya volti 10 bado zimo. Ile taa niliyoitoa ndiyo iliyokuwa ikiimwaga. Kapasita iliyojaa haiwezi kupitisha kitu tena mpaka imwagwe, na mimi nilikuwa nimeziba njia ya kumwagia. Rezista moja ya kilo-omu 10, kutoka upande wa swichi kwenda hasi, ikamaliza kila kitu. Umeme unarudi kupitia ile 1N4148. Asubuhi nilikwenda nayo mfukoni. Mlinzi akaniambia ameshaitwa fundi mwingine.

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaotaka kuishi kwa kazi hii. Jaribuni saketi ikiwa vile vile itakavyofungwa. Ukitoa hata waya mmoja, jaribu upya. Ukiongeza kitu, jaribu upya. Msione haya kupoteza saa nzima mkizungusha swichi. Mimi niliona haya, nikaharakisha, nikaaibika mbele ya watoto wa watu.

Na wewe uliyeniandikia, acha kununua transista. Zima swichi, pima kapasita. Ukikuta volti zimo, weka hiyo kilo-omu 10, subiri sekunde tano kila ukizima, uzungushe mara ishirini. Kisha niandikie relei imelia mara ngapi.