Diazepam si ya kuacha leo na kuirudia wiki ijayo

Mama yangu mkubwa alianza kumeza diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, miligramu 5 kila usiku baada ya kufiwa na mumewe. Ikawa ndiyo desturi yake: akijisikia nafuu anaacha, usingizi ukimkimbia anarudi. Kila akiacha nyumba nzima inampongeza, na kila akirudi hakuna anayeuliza.

Kinachowapotosha wengi ni siku za mwanzo. Diazepam haitoki mwilini upesi. Huchukua kati ya saa 20 na 50 kupungua nusu, na mabaki yake, ambayo nayo yanatuliza, yanaweza kuchukua hadi saa 100. Kwa hiyo mtu anaacha Jumatatu, Alhamisi bado analala vizuri, anaona mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa mama mkubwa yalianza kwa jasho la usiku. Kisha mikono: kikombe cha chai kikawa kinagongagonga kisosi mpaka akaomba chai yake itiwe kwenye bilauri. Kisha masikio. Mwiko ukigusa sufuria anashtuka kama kapigwa, redio haitaki kabisa. Jirani akasema ni mashetani, na kombe likaandikwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa akameza kidonge, haikupita saa moja akatulia. Wote tukapata jibu letu: ugonjwa ulikuwa umerudi, na dawa hii ni ya maisha.

Daktari aliyemwona baadaye hakukubaliana na jibu hilo. Dawa za jamii hii huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo. Ubongo ukishazoea breki ya kuletewa, hulegeza breki zake. Ukiiondoa ghafla unabaki unakwenda mbio, na kwa baadhi ya watu mbio hizo huishia kwenye degedege au kuchanganyikiwa. Kwa walevi inajulikana vizuri kwamba kuacha ghafla mara kwa mara huongeza hatari ya degedege kila awamu. Kwa diazepam na wenzake, lorazepam na klonazepam, ushahidi si mwingi kiasi hicho, lakini nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kila mara aliyoacha ilimtesa kuliko iliyotangulia.

Daktari hakumwachisha siku hiyo. Kwanza alimtuliza kwenye dozi moja ileile kila usiku, hakuna kuruka. Ndipo akampa vidonge vya miligramu 2, viwili kwa usiku, akashuka kutoka 5 hadi 4 bila mtu kuhangaika kukata vidonge kwa wembe. Akakaa hapo wiki kadhaa. Usiku ukiwa mbaya, haturudi nyuma wala hatukimbilii mbele, tunasubiri. Ni kazi ya miezi, na inachosha, sikufichi. Usiipange mwenyewe jikoni. Mpango wa mtu mwingine haukufai.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Aliyekaa bila dawa kwa muda mrefu, mwili wake umeshausahau uzoefu. Akirudia dozi yake ya zamani, tena juu ya pombe, dawa ya maumivu ya tramadol au dawa ya kikohozi yenye kodeini, pumzi inaweza kufifia usingizini. Na mzee akiamka usiku kwenda msalani, anaanguka.

Wenye kifafa wanaotumia fenobabitoni nao wasikilize: kuikatiza kwa sababu tu kifafa kimetulia kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Degedege likitokea, au mgonjwa akianza kuongea na wasiokuwepo, ni hospitali moja kwa moja, usiku huohuo.

Mara nyingi kukatika kwenyewe hata hakupangwi. Msiba unatokea bara, mtu anapanda basi la alfajiri na vidonge vya siku mbili, matanga yanachukua wiki. Kabla ya safari hesabuni vidonge, na cheti cha daktari kiwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia buti.