Wanafunzi wa umeme wa magari wanaobahatisha spea: anza na taa hafifu

Mwalimu, umeuliza ufanye nini na wanafunzi wa umeme wa magari ambao kufungua na kufunga wanajua vizuri, lakini gari likija na tatizo wanabadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka liwake. Kufikiri usikutengee kipindi chake cha ubao na madaftari, watakukariri kama wanavyokariri rangi za waya. Kupeleke karakana, kwenye hitilafu uliyoitega mwenyewe.

Ya kuanzia iwe taa ya mbele inayowaka hafifu. Tafuta betri nzima, swichi, fyuzi na balbu ya 12 V, wati 55. Kati ya balbu na ethi, yaani njia ya umeme kurudi nguzo hasi ya betri, unganisha rezista (kifaa kinachokinza mkondo) ya omu 1, yenye uwezo wa wati 25 au zaidi. Ifunge kwenye bati nene kwa sababu itachemka, kisha ifunike wasiione. Waambie tu: taa hafifu, tafuteni.

Wengi watachomoa soketi ya balbu na kupima hapo. Mita ya umeme itasoma 12.6 V. "Umeme unafika, balbu ndiyo mbovu." Wape balbu mpya. Taa bado hafifu. Hapo nyamaza kabisa, maana mwalimu akiwahi kueleza anawanyang'anya somo lenyewe. Wakikwama, uliza swali moja: mlipopima, mkondo ulikuwa unapita? Soketi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo, na rezista isiyopitiwa na mkondo haili volti hata kidogo. Warudishe balbu, wawashe taa, wapime kutoka mguu wa ethi wa balbu hadi nguzo hasi ya betri. Njia nzima ya ethi haipaswi kuzidi 0.2 V. Wao watakuta karibu 4 V, na balbu imebakiwa na chini ya 9 V. Aliyeiona namba hiyo hutamsumbukia tena kumweleza kwa nini waya wa stata (mota ya kuwashia injini) uliobaki nyuzi mbili tatu unaonekana mzima ukipimwa kwa omu, halafu unashindwa ukidaiwa ampea 150.

Kabla ya mita iwepo karatasi. Makundi yawe ya watu 3, na kila kundi liandike dalili, sababu zisizopungua 3 zinazoweza kuileta, kipimo kitakachozitenganisha sababu hizo, na namba wanayoitarajia: tutasoma ngapi kama tuko sahihi, ngapi kama tumekosea. Hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiruka, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Asiyetaja namba mapema ataivuta namba yoyote ikubaliane na alichokwisha kuamua. Balbu mpya haitoki stoo mpaka karatasi ijae.

Utakutana na kijana aliyekulia gereji. Atajibu ndani ya nusu dakika na wenzake watakunja mikono. Usimzuie kusema, ila mpe kalamu badala ya mita: kazi yake iwe kuandika sababu za wenzake na kuwauliza wamejuaje. Zamu zibadilike kila hitilafu. Jambo jingine ni siri kuvuja. Ukitega hitilafu moja asubuhi, jioni bweni zima linaijua, kwa hiyo andaa angalau 5 na uzizungushe. Meza moja iache nzima kabisa, bila hitilafu yoyote. Fundi anayeweza kusema "hapa pazima" na kuonyesha vipimo vyake ni adimu, na wateja wanamhitaji sana.

Alama nazo ziangalie. Zote zikienda kwa taa kuwaka, umewalipa wabahatishaji. Toa 60 kwa karatasi, 20 kwa kupima kwa usahihi na usalama, 20 kwa kurekebisha. Aliyebahatisha akapatia ataondoka na 20 zake.

Kazi ngumu zaidi ni kuwatoa kwenye "fundi mkuu kasema", hasa wakienda mafunzo kazini. Chukua ile desturi ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima" alteneta, jenereta inayochaji betri. Usiwaonyeshe kwa vitendo. Wape maswali matatu. Inathibitisha nini? Kwamba alteneta inatoa umeme kiasi fulani. Haithibitishi nini? Kwamba volti ziko kwenye kiwango. Inaweza kuharibu nini? Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikiondolewa ghafla zinaweza kuruka juu na kuunguza daiodi za alteneta au kompyuta ya gari. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta madhara hayakuonekana upesi, ndiyo maana wazee wanaiamini, na wanafunzi waelezwe hivyo ili wasidhani mafundi wakubwa ni wajinga. Kisha wapime kwa mita kwenye nguzo za betri, injini ikiwa imekanyagiwa mafuta kidogo na taa zimewashwa: magari mengi yatasoma kati ya 13.8 na 14.5 V.

Wafanye mazoezi hata ya kulisema hilo, kwa sauti, mbele ya mwenzao anayeigiza fundi mkuu. "Shikamoo fundi, naomba nipime kwanza kwa mita, kisha nikuonyeshe namba" ni sentensi ambayo wengi watashindwa kuitamka mara ya kwanza. Irudieni.