Kwa anayekalia meza ya mishahara kwa mara ya kwanza

Februari 2025 fundi mmoja wa karakana alikuja mezani kwangu na slipu mbili, ya Januari na ya Februari. Mshahara ni ule ule, shilingi 50,000. Hajakopa, hajakosa kazi hata siku moja, lakini benki zimeingia pungufu kwa 588. "Mama, pesa yangu imeenda wapi?"

Ukianza kazi ya mishahara hapa Kenya, swali hilo utaulizwa kabla hujamwona mkaguzi yeyote. Lijibu kwa kalamu. Mwezi huo kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, kilipanda kutoka 36,000 hadi 72,000, kwa hiyo ile asilimia 6 yake ikatoka 2,160 hadi 3,000. Hapo zimeondoka 840. Lakini NSSF hutolewa kabla ya kukokotoa ushuru, basi PAYE yake, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ikashuka kwa 252. Zinabaki 588. Nikamwonyesha pia kwamba mwajiri naye ameongeza 840 katika akiba yake ya uzeeni. Alizikunja slipu zake akarudi kazini. Ningemwambia tu "ni serikali," angeondoka akiamini tumemwibia, na ningekuwa nimemkosea.

Asilimia zenyewe hazisumbui, programu inazijua. Kinachoangusha wageni ni tarehe na mpangilio. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba mwaka huo, na tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuiacha iendelee kukatwa. Sisi tulikuwa tumeshafunga hesabu za mwezi, ikabidi tufungue upya usiku. Machi 19 ikarudi kwa sheria yake yenyewe. Kisha tangu Desemba 27, 2024, tozo hiyo pamoja na SHIF, mchango wa bima ya afya, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE, na nafuu za ushuru zilizokuwapo awali kwa makato hayo zikaondolewa. Kwa hiyo weka jedwali lako mwenyewe la viwango lenye safu ya "kuanzia lini," na usifute kiwango cha zamani unapoandika kipya. Siku utakapodaiwa malimbikizo ya mtu aliyeacha kazi mwaka juzi, utalihitaji.

Angalia pia theluthi moja inayopaswa kumbakia mfanyakazi. Sheria ya Ajira inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mkopo wa sacco uliokubalika vizuri mwaka 2022 unaweza kuvuka mpaka huo leo bila mtu kukopa hata senti, kwa sababu makato ya lazima yameongezeka. Wapitie wenye mikopo mmoja mmoja kila sheria inapobadilika. Na kima cha chini kilipopanda kwa asilimia 6 Novemba 2024, kumbuka kile ni mshahara bila marupurupu ya nyumba. Usijumlishe vyote viwili ukadhani umefika.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Oktoba 2024 SHIF ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani. Aliyekuwa akilipa 1,700 kwa mshahara wa 200,000 sasa ni 5,500, na wa 15,000 alishuka kutoka 600 hadi 412.50. Sote tuliyakodolea macho makato hayo. Wakati huo huo kila mfanyakazi alitakiwa ajisajili upya pamoja na wategemezi wake, na mahali nilipokuwa nikifanya kazi tulisambaza jedwali moja mtandaoni ili kila mtu ajaze: mke au mume, watoto, tarehe za kuzaliwa. Kila aliyefungua aliona ya wenzake. Dada mmoja wa stoo alikuwa amemwandika mtoto ambaye ofisini hakuna aliyejua kuwa anaye. Kufikia saa ya chakula cha mchana walijua wote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu majina ya watoto na wenzi, pamoja na hali ya ndoa na afya, kuwa data nyeti. Tena hatukuyahitaji. Kujisajili ni kazi ya mwenyewe. Sisi tulitakiwa kujua kama amejisajili, basi. Nilikwenda stoo kumwomba radhi, akanisikiliza bila kuinua macho kwenye kitabu chake cha bidhaa.

Kwa hiyo sheria mpya ya makato ikitoka, kabla ya kuomba taarifa yoyote jiulize ni safu ipi ya hesabu itakayoitumia. Ikikosekana, usiombe. Faili ya benki isikae kwenye flashi ya mtu wala kwenye kundi la WhatsApp. Anayehama idara afungiwe mfumo wa mishahara siku hiyo hiyo. Slipu zitumwe zikiwa na nywila, na usome anwani mara ya pili, hasa kwa wafanyakazi wenye majina yanayofanana. Slipu ikienda kwa asiyehusika na ikawa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, una saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na zinahesabiwa tangu ulipojua, hata kama ni Ijumaa jioni.