Fira jikoni, dizeli ukutani, jiwe jeusi kabatini

SWALI: Daktari, shikamoo. Wiki mbili zilizopita tulimkuta fira amejikunja nyuma ya pipa la maji jikoni, vijana wakamuua. Jirani anasema nimwage dizeli kuzunguka nyumba kila Jumamosi. Pia nimenunua jiwe la nyoka, lile jeusi, na muuzaji amesema likishatumika nilichemshe kwenye maziwa litoe sumu. Naomba kujua: nyumba ya vyumba vitatu inataka lita ngapi za dizeli, na jiwe hili huchemshwa mara ngapi kabla ya kutumika tena? (Mama wa watoto watatu, Kilifi)

JIBU: Marahaba, mama. Dizeli usimwage hata kikombe. Nyoka huivuka, harufu yake huisha, na unachobaki nacho ni udongo ulioharibika na hatari ya moto. Kitunguu saumu, salfa, vidonge vya kuwekea nguo na kuchoma matairi ni yale yale.

Fira alifuata chakula. Pipa linalovuja huleta vyura, punje za mahindi huleta panya. Pesa ya dizeli inunue wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita 6, uzibe matundu ya hewa na mifereji ya maji machafu. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira wa tairi kiguse sakafu. Kidole kikipita hapo, nyoka mdogo naye anapita. Kuni ziwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Mahindi na chakula cha kuku vifunikwe. Na kama kuna mtoto anayelala chini kwenye mkeka, mpandishe kitandani leo, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kwa sababu fira mtema mate huingia ndani usiku na huuma watu waliolala. Pwani yenu ina yule mkubwa kuliko wote wa aina hiyo, aliyepewa jina la kisayansi Naja ashei mwaka 2007, kwa heshima ya James Ashe, mtaalamu wa nyoka wa Watamu.

Akitokea mwingine, vijana wasimfuate na fimbo. Wengi huumwa wakiwa katika kuua. Kaeni mita 5 au zaidi, mwacheni njia ya kutokea nje, mwiteni mtu anayejua kazi ya kukamata nyoka. Hata kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma, kwa hiyo kisiokotwe kwa mkono.

Sasa jiwe. Hili ndilo linalonikera, maana kila masika watu wanafika hospitali wamechelewa, nalo bado limeganda mguuni.

Kwa kawaida si jiwe. Ni kipande cha mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, kilichochomwa kikawa cheusi kisha kikasuguliwa. Kina vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza majimaji. Liguse kwenye mdomo uliolowa, utaona linanata vilevile, na hapo hakuna sumu. Likishajaa damu huanguka, na muuzaji anakuambia limemaliza kazi. Yale mapovu kwenye maziwa ni hewa inayotoka kwenye vitundu.

Meno ya nyoka huingiza sumu ndani ya nyama, kisha inasambaa. Jiwe linakaa juu ya ngozi, linakunywa tone la damu.

Mbona fulani alipona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Huyo angepona hata angewekewa kifuniko cha soda. Aliyeumwa na koboko, kope zake zinaanza kulegea, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inakata, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya saa chache au chini ya hapo. Saa mbili za kungoja jiwe lianguke ndizo alizozihitaji.

Wauzaji wengine huchanja kwa wembe kwanza. Kwa aliyeumwa na bafe, ambaye damu yake huenda isigande, hizo chale ni mlango wa kutokwa damu bila kukoma. Kamba ya kubana nayo huua nyama iliyo chini yake, mtu akakatwa mguu ambao ungepona.

Fanya hivi. Vua pete, bangili na kikuku kabla uvimbe haujaanza. Funga gango kama la aliyevunjika, kiungo kisichezecheze. Mgonjwa asitembee, bodaboda inatosha, akae katikati, mtu amshike kwa nyuma. Andika saa aliyoumwa, na chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi dakika 15 hadi 20, yakitiririkia upande wa sikio, kisha aende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Dawa yenyewe ya sumu ya nyoka huingizwa kwenye mshipa, hospitalini, mahali penye adrenalini tayari, kwa kuwa mwili unaweza kuikataa ghafla. Mtoto hapewi nusu: sumu aliyoingiziwa ni ile ile ya mtu mzima. Anayekuuzia chupa moja dukani akakuchoma kwenye paja ni ndugu wa muuza jiwe. Na dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Uhindi haimfai aliyeumwa na bafe wa Kilifi, hata kama kibandiko chake kina picha ya nyoka.

Piga simu wiki hii hospitali mbili zilizo karibu nawe. Uliza kama wanayo dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, chupa ngapi, na kama yupo wa kuitoa usiku. Majibu yaandike mlangoni. Jiwe litoe kabatini, asije akalikimbilia mtu siku ambayo haupo nyumbani.