Mnaoanza kusoma mifupa: kisanduku kitupu siyo sifuri

Wadogo zangu, nimepitia data zenu za meno na kosa ni lile lile la kila mwaka, sasa leo nalisema kirefu.

1. Gego likilika, usiandike 0. Hili ndilo linaloniuma. Mnajua Wanubi wa kale, wale wa bonde la Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, chakula chao kilikuwa na mchanga na vumbi la jiwe la kusagia, kwa hiyo gego la mtu mzima linafika mezani limekuwa bapa kama sakafu, dentini, ile tabaka ya ndani ya jino, iko nje. Sasa kijana wetu, tena mwenye bidii, analishika gego la pili la chini, anatafuta nundu ya tano, kile kimwinuko cha juu ya gego, haioni, anapiga 0 na kusonga mbele. Jamani, hiyo nundu huenda ilikuwepo ikasagika miaka mingi kabla mwenyewe hajafa! 0 maana yake nimeona vizuri na haipo. Kama huwezi kuona, acha kisanduku wazi, basi. Mnadhani ni jambo dogo, lakini makaburi yenye wazee wengi yatapata 0 nyingi, yale ya vijana yatapata chache, ukipiga MMD, kile kipimo cha jinsi makundi mawili ya watu yanavyotofautiana kwa sifa hizi, umbali unatokea mkubwa na wewe unatangaza kwamba wamekuja watu wapya, kumbe umepima umri. Na Nubia hadithi za watu wapya zimeshatugharimu sana: kwenye ule uchunguzi wa akiolojia wa Nubia wa 1907 hadi 1911, mwanaakiolojia Reisner na mwanaanatomia Elliot Smith kila mazishi na vyungu vilipobadilika walisema imeingia mbari nyingine, Kundi X (watu wa baada ya ufalme wa Meroe) likiwemo, mpaka miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Greene alipokagua meno kutoka Wadi Halfa, kaskazini mwa Sudan, ya kipindi cha Meroe, ya Kundi X na ya kipindi cha Kikristo, akakuta ni jamii ile ile inaendelea. Vyungu vinabadilika bila watu kubadilika.

2. Vitundu vya fuvu (vile vinavyopitisha mishipa, ambavyo wengine wanavyo na wengine hawana) andika kulia na kushoto, ila mtu mhesabu mara moja.

3. Sifa mbili zinazofuatana kila mahali, toa moja.

4. MMD ikitoka hasi usihangaike, ichukue kama sifuri, sampuli yako ni ndogo.

5. Jamii kuendelea haimaanishi hakuna aliyeingia. Hapa naomba msikilize maana mnapenda kuandika "continuity", yaani jamii imeendelea ile ile, mkafunga ripoti. Kulubnarti, huko Nubia ya Sudan, kuna maeneo mawili ya makaburi ya Kikristo, ya kisiwani na ya ng'ambo bara, na watoto wa kisiwani waliumwa zaidi wakafa mapema, ikawa rahisi kudhani ni watu wa asili tofauti. DNA ya watu 66 iliyotoka 2021 ikaonyesha makundi yote mawili asili yao inafanana, mchanganyiko wa Kiniloti na wa Eurasia magharibi (Mashariki ya Kati na Ulaya) uliopitia zaidi Misri, na hiyo ya Eurasia iliingia zaidi kupitia wanawake. Kwa hiyo ukikuta meno yanafanana karne hadi karne, kabla hujaandika kwamba kijiji kilijifungia, tenga wanawake na wanaume uwapime upya, kila kundi peke yake.