Re: Kambi za usajili nje ya chuo zinamfaidisha nani?

Mkuu, umeuliza kama kambi hizi za futiboli ya Kimarekani, ambako makocha wa vyuo huenda kuwapima vijana wa kusajili, zinawabeba vyuo vigogo tu. Mimi naona vyuo vidogo ndivyo vinavyovuna zaidi.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilizuia chuo kuandaa kambi nje ya jimbo lake ikiwa ni zaidi ya maili 50 kutoka chuoni. Mwanya ulikuwa huu: kocha aalikwe kufundisha kwenye kambi ya mwenzake. Penn State waliutumia 2014, kisha 2015 Jim Harbaugh, kocha wa Michigan wakati huo, akazunguka nao hadi kusini. SEC na ACC, ligi kubwa za vyuo, ambazo zilishawakataza makocha wao jambo hilo, zikaja juu. Aprili 2016 NCAA ikapiga marufuku. Mwezi haujaisha, ikaifuta marufuku hiyo.

Sasa angalia uwanjani. Kijana anakuja kwa jina la Michigan, ila kocha wa chuo cha MAC (ligi ya vyuo vidogo), mwenye bajeti finyu ya safari, yuko palepale na saa yake ya kupimia. Anampima urefu, mbio za yadi 40, anaona anavyogeuka akikabwa mtu kwa mtu. Kigogo akimwacha, huyu anamchukua.

Kasoro? Mara nyingi vijana hawavai kinga za mwili, kwa hiyo wachezaji wa mstari wa mbele, wanaosukumana, ni vigumu kuwapima. Mwenye mbio anang'ara kuliko anavyostahili. Kocha asitoe ofa ya kumsajili kijana bila kutazama video za mechi zake.

Mwaka 2017 makocha wa FBS, daraja la juu la futiboli ya vyuo, walibanwa: kushiriki kambi siku 10 tu Juni na Julai, tena kwenye viwanja vya vyuo.