Kifaa cha Waifai Kilichoibwa Kimeondoka na Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, chuo chetu kina vifaa 14 vya waifai vilivyofungwa darini, na kila kimoja nilikiwekea mipangilio yake peke yake. Juzi kimoja kiling'olewa usiku, ukabaki waya wa mtandao ukining'inia koridoni. Muuzaji ananishauri ninunue kidhibiti cha pamoja, yaani mashine moja ya kuongoza vifaa vyote. Je, kitaongeza usalama, au kitanipunguzia kazi tu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kufikiria manunuzi, zima kwenye swichi ya mtandao (kile kisanduku zinakochomekwa nyaya zote) tundu linalolisha waya huo, maana yeyote mwenye kompyuta anaweza kujichomeka hapo. Kisha badilisha nywila ya waifai katika vifaa 13 vilivyobaki, pamoja na ile ya msimamizi ikiwa ulitumia moja kwa vyote. Kifaa kinachojitegemea huhifadhi mipangilio yake yote tumboni, na mwenye ujuzi akikaa nacho mezani kwa utulivu anaweza kuichopoa.

Hapo ndipo muundo unapoleta tofauti. Palipo na kidhibiti, kifaa cha darini hubaki hasa na kazi za redio, ilhali mipangilio hutunzwa kwenye chumba chenye kufuli na kutumwa kila kifaa kinapojiunga. Katika itifaki ya CAPWAP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa hivyo na kidhibiti, iliyochapishwa mwaka 2009, kifaa na kidhibiti hutambuana kwanza, kwa kawaida kwa vyeti vya kidijitali, kisha amri husafiri zikiwa zimesimbwa, yaani zimefichwa ili mwingine asizisome. Usimbaji wa data za watumiaji katika njia hiyohiyo, hata hivyo, ni wa hiari; mwambie muuzaji akuonyeshe kama umewashwa.

Kupungua kwa kazi nako ni usalama. Fundi anayelazimika kufungua kurasa 14 za mipangilio, tena Ijumaa jioni, ataruka moja, na hiyo ndiyo itakayobaki na nywila ya zamani.

Hata hivyo, kidhibiti hakitakusaidia sana ikiwa wanafunzi wote wataendelea kutumia nywila moja. Weka seva ya RADIUS, yaani kompyuta inayohakiki kila anayeingia kwenye mtandao, kila mtu aingie kwa jina na nywila yake, ili anayehitimu afungiwe peke yake bila kuwasumbua wengine. Mwulize pia muuzaji, kwa maandishi, vifaa vitafanya nini siku kidhibiti kitakapozimika: vipo vinavyoendelea kuhudumia watu, na vipo vinavyonyamaza vyote kwa pamoja.